Miti ya Muhogo Katikati ya Maharagi

Mwaka ule vita ya Wazungu ilikuwa haijaisha bado. Watu wa Leta, yaani serikali, walikuja kwetu Karuba kutuambia kwamba kila nyumba ya mteremko wa chini ipande muhogo. Wa mteremko wa juu waliambiwa pareto. Njaa ilikuwa imepita upande wa mashariki, na Leta haikutaka ipande kwenye milima yetu. Aliyeleta neno hilo alikuwa Floribert, monitere, yaani mwalimu wa kilimo, kijana wa kaptula ya kaki na viatu ambavyo alivifuta kwa majani kila alipotoka katika shamba la mtu. Alipima kipande chetu kwa kamba, akapigilia vigingi kwenye pembe, akasema:

"Mvua ya mwezi wa kumi na moja itanikuta hapa. Nikiona shamba iko wazi, mwenye nyumba anaenda barabara."

Barabara ni ile iliyokuwa ikichongwa ndani ya msitu kuelekea Walikale. Tuliijua kwa wanaume waliorudi kutoka huko, na zaidi kwa wale ambao hawakurudi.

Mwenye nyumba yetu alikuwa baba mkwe wangu, Nzabandora. Siku zile nisingethubutu kulitamka jina hilo, maana mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe wake. Hata neno la kila siku likifanana nalo, unalizunguka kama shimo njiani. Mimi nilimwita Papa tu. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu alipobeba mizigo ya askari katika vita ile ya kwanza. Asubuhi za baridi alikohoa hata mama mkwe, Mukandori, akaacha kupuliza moto, akasimama na kuni mkononi akimsikiliza. Wote nyumbani tulijua jambo moja bila kulisema: barabara ya Walikale ingemmaliza mzee huyu.

Basi muhogo ulipaswa kuota. Lakini nani kati yetu aliwahi kuulima? Baridi ya Karuba ilikuwa ya viazi, ya maharagi, ya mateke, yaani magimbi, kule bondeni penye maji. Muhogo tuliuona sokoni Mushaki tu, umekwisha kukauka au kusagwa unga.

"Mbegu tutatoa wapi?" Mukandori alimuuliza monitere.

"Kashebere. Kule kwa watu ya msitu muhogo iko mingi sawa majani. Mutume kijana wenu."

"Na mbegu yake iko namna gani?"

"Mama, nyiye muko walimaji ao muko wageni wa udongo? Mbegu ni mbegu." Akaenda zake, maana zilikuwapo nyumba nyingine za kupima.

Aliyetumwa ni mume wangu Théogène, mtoto wao wa kwanza. Tulimjazia kitunga cha viazi ili akabadilishane huko. Kabla hajaondoka, Mukandori alivimwaga viazi vile kando ya moto, akavigeuza mpaka ngozi ikasinyaa kidogo na macho yake yakawa meusi. Hiyo ilikuwa kawaida ya nyumba yetu kila tulipopeleka viazi mbali. Kiazi kilichopata moto kinalika vizuri, lakini hakioti. Baba mkwe alisema kwamba mtu ukimwuzia chakula leo, atarudi kesho. Ukimwuzia mbegu, hutamwona tena.

Yaliyotokea Kashebere Théogène alitusimulia mwenyewe. Alifika amechoka, akapokelewa na mwanamke aliyeitwa Adelaïde, mjane mwenye nyumba kando ya njia. Alimpa maji ya moto ya kuosha miguu, akampa mahali pa kulala karibu na jiko, akampikia sombe ya majani ya muhogo na samaki bila kumwuliza ukoo wake. Asubuhi wakatoa vitu vyao, kila mmoja na kitunga chake. Adelaïde akakishika kiazi kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Kaka, na miti yake iko wapi?"

"Miti ya nini?"

"Ya kupanda. Umeniletea chakula, mbegu umeacha kwenu."

"Hiki chenyewe njo mbegu, dada. Unakitia ndani ya udongo, kinaota."

Adelaïde alicheka mpaka akashika kiuno. "Watu ya mulima, Mungu wangu! Munataka tuzike chakula! Kesho utaniambia nizike na huyu samaki, aote mukia."

Théogène alijua kwamba yeye mwenyewe amesema kweli, na alijua pia kwamba viazi vya kitunga kile havingeota, kwa sababu alimwona mama yake akivigeuza motoni. Akakisogeza kitunga mbele yake. Adelaïde akamjazia mihogo minene, mizito, yenye ngozi ya udongo mwekundu. Halafu akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na mzigo wa miti mirefu yenye vifundo vifundo, ameifunga kwa kamba ya mgomba.

"Na hii njo mbegu. Hii sibadilishi, ninakupa tu. Unaikata vipande, unalaza ndani ya udongo. Ile ya kitunga ni ya kula, usiizike."

"Dada, unanilipiza maneno ya viazi?"

"Kaka, siko mutoto."

Akashukuru jinsi mtu anavyoshukuru kitu asichokitaka. Akaweka kitunga kichwani na mzigo wa miti begani, akapanda milima mpaka Masisi, na kutoka Masisi mpaka kwetu. Njia nzima, alisema, ile miti ilimkwaruza shingo, naye alikuwa akijiuliza mwanamke yule alitaka nini.

Jioni tulikaa wote tukiitazama miti hiyo. Ilikuwa mikavu kwa nje, rangi ya majivu, kama kitu kilichokufa.

"Tangu lini fimbo ikawa mbegu?" Théogène akasema. "Chakula cha chini kinatoka kwa chakula cha chini. Kiazi kinatoka kwa kiazi. Teke linatoka kwa teke. Yule mama hataki muhogo uote kwetu, juu ya vile tukiwa nayo tutaacha kumufuata."

Baba mkwe akatikisa kichwa polepole. "Yule mama iko na akili," alisema. "Na siye hatukuchoma macho ya viazi vyake?"

Kwa neno hilo jambo likaisha. Tulikuwa tumemdanganya mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona, na kwa hiyo tukaona ni lazima naye ametudanganya. Théogène akaivuta miti ile kuelekea moto. Mukandori akamshika mkono.

"Acha. Muntu amekata kwa mukono yake mwenyewe, amefunga na kamba. Hata kama ni uongo, amefanya kazi. Itanisaidia kwa maharagi."

Maharagi yetu yalikuwa yale ya kupanda juu, na miti ya kuyashikilia ilikuwa imeanza kukosekana mlimani. Haragi la aina ile halina nguvu ya kusimama. Shina lake ni kama kamba inayotafuta mtu wa kumkumbatia. Likikosa mti linajilaza, na kwa mvua yetu kinacholala kinaoza. Tukayachomeka mashina ya Adelaïde mistari mizima. Maharagi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine, na sehemu yake ilipelekwa Mushaki kwa Leta, kulisha wafanyakazi wa migodi.

Mihogo ya kitunga tuliipanda katika kipande chenye vigingi. Hakuna mbegu niliyoona ikipandwa kwa heshima namna ile. Mukandori aliuchukua mmoja mmoja, akauzungusha vidoleni akitafuta jicho lake ili alielekeze juu, kama tunavyofanya kwa kiazi. Hakuliona. Akaulaza taratibu kama anavyolazwa mtoto, akatia majivu, akafunika. Wajukuu walikuwa wamelala bila kushiba, na tulikuwa tunazika chakula kilichofaa kupikwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa kwa ajili ya kifua cha Papa.

Mvua ikaja vizuri. Maharagi yakapanda, yakajizungusha, yakaanza kutoa maua meupe. Shamba la muhogo likabaki udongo mtupu. Kwanza tulisema baridi inauchelewesha. Baadaye harufu ikaanza kutoka ardhini, na tukaacha kusema.

Floribert akafika na polisi wa shefu, chifu wetu. Akasimama pembeni mwa shamba, akachimba kwa fimbo yake, na mzizi mmoja ukatoka mweusi, laini, unatiririka maji. Nilidhani atapiga kelele. Alicheka.

"Mumezika muhogo! Nzabandora, mumezika muhogo sawa viazi!"

Akaita na majirani waje waone. Ninadhani alifurahi kupata watu wa kuwafundisha, maana sauti yake ikabadilika, ikawa ya darasani. Alimtuma polisi kuleta kiazi kutoka nyumbani, akakiinua kwa mkono mmoja, na ule uozo akauonyesha kwa fimbo.

"Muangalie. Kiazi kiko na macho. Juu ya nini? Juu kiazi si muzizi. Ni shina. Ni shina iliyoingia chini ya udongo, ikanenepa, ikaweka akiba yake pale. Kila jicho ni pahali tawi inaweza kutoka. Teke vilevile. Na mugomba, ile munaona juu munasema ni muti, hapana, ni majani yamefungana tu. Shina yake ya kweli imejificha chini, njo inazaa watoto. Lakini muhogo! Muhogo chini iko muzizi mutupu. Haiko na jicho hata moja. Shina yake inabaki juu, kavu, na vifundo, na kila kifundo iko na jicho. Unakata ile, unapanda ile. Hata haragi, ni shina ile, lakini yeye amechagua kupanda juu ya wengine." Akacheka tena kwa neno lake.

Yalikuwa maneno mazuri. Mpaka leo nikichimba kiazi ninayakumbuka, na sijaona uongo ndani yake.

Mukandori akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia: "Papa monitere, hayo ulisoma wakati gani?"

"Masomoni. Zamani."

"Ule mwezi ulipima hapa na kamba, ulikuwa unajua?"

Floribert alivifuta viatu vyake. "Kila muntu anajua, mama."

Halafu akamgeukia baba mkwe. Akasema, na nataka niwe wa haki kwake, kwamba angeweza kumchukua siku ileile. Watu wa nyumba mbili za jirani, ambao hawakupanda kitu chochote wakingoja kuona sisi tutafanya nini, alikwisha kuwachukua. Lakini sisi tulijaribu. "Nakupa juma moja. Nikirudi nione muhogo imesimama." Polisi akakohoa kidogo, kama anayetaka kusema kwamba juma moja halitoshi kwenda Kashebere na kurudi.

Walipoondoka, Théogène alikaa chini akaweka kichwa kati ya magoti. Mukandori hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye maharagi. Nilimfuata. Alikuwa amesimama katikati ya mistari, ameshika mti mmoja wa Adelaïde, akisukuma majani ya maharagi pembeni kwa kidole. Juu ya kifundo, mahali ambapo kamba ya haragi ilipita, kulikuwa na jani dogo limefunguka kama mkono wa mtoto mchanga. Kwenye kifundo cha juu, jingine. Tukautazama mti wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa hai.

"Alisema kweli," Mukandori akasema. "Yule mama alisema kweli, Drocella. Na viazi tulivyomuchomea, je?"

Niliendelea kuihesabu miti.

Mashauri yalifanyika mbele ya moto, na sikuwa nimewahi kuwasikia wazee wangu wakibishana kabla ya siku hiyo.

"Tuitoe, tuipande kule kwa vigingi," Mukandori alisema.

Papa akauliza: "Na maharagi itashika nini? Iko na maua sasa. Ukiitikisa, hautavuna."

"Tutatafuta miti ingine."

"Wapi? Mulima uko uchi. Mama Théogène, unisikie. Barabara iko na mwisho. Nitaenda, nitachimba, siku moja watasema basi. Tumbo ya mutoto haiko na siku ya kusema basi."

"Papa Théogène, weye utachimba na kifua gani?"

"Na hiki ninacho."

"Hiki unacho nakisikia kila asubuhi. Usinifundishe hiki unacho."

"Usiguse maharagi," akasema. "Ninakukataza." Akasimama, akatoka nje kuangalia mbuzi wawili waliokuwa wamekwisha kufungwa.

Siku ya Bwana Papa akaenda misa Mushaki, kwa miguu, polepole, akipumzika kila kilima. Mukandori alisema anaumwa miguu. Alipoona mgongo wake umepotea nyuma ya ukingo, akajifunga kitambaa kiunoni.

"Mwanangu, kama unaogopa, ubaki na mutoto."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye. Théogène alileta panga.

Tulijaribu kuifanya kazi hiyo kwa upole. Tulichomeka kwanza bua pembeni ya kila mti, halafu tukafungua haragi zungusho moja moja. Lakini shina la haragi lina ukaidi wake. Linazunguka upande mmoja tu, na likishakaza, ukilifungua linavunjika papo hapo, au linabaki limejikunja bila kutaka kushika kitu kingine. Maua yalianguka mikononi mwetu. Mzee Hakorimana, jirani ambaye Leta ilikwisha kumwacha kwa ajili ya uzee wake, alituona kutoka kwake. Hakuuliza tunafanya nini. Aliteremka bondeni, akarudi na matete aliyoyakata mwenyewe, akayatupa chini, akarudi tena bondeni. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka magoti yakamkatalia, ndipo akakaa kwenye jiwe akayachonga ncha kwa kisu chake, akitupatia moja baada ya lingine.

"Munaokoa nani, mama?" alimwuliza Mukandori mwishoni.

"Rafiki yako."

"Basi chukua na hii," akampa hata fimbo yake ya kutembelea, ikachomekwa katika mstari pamoja na matete.

Théogène alikata miti ya muhogo vipande, kila kipande na vifundo vyake, akilinda yale majani madogo kama mayai. Tukavilaza na kuvisimamisha katika shamba lenye vigingi. Papa aliporudi kutoka misa, aliona kwanza shamba la muhogo, halafu akaona maharagi. Halafu akavua koti lake la kanisani, akaja kutusaidia kufunga matete yaliyokuwa yakiinama.

Usiku huo ilinyesha mvua ya kwetu, ile isiyo na haraka. Matete yaliangushwa mengi. Kufika katikati ya juma maharagi yalikuwa yamelala kwenye tope, majani yamegeuka njano, na harufu ikawa ileile ya muhogo uliooza. Tuliyaokoa ya mistari ya pembeni tu.

Lakini muhogo ulisimama. Majani yalinyauka siku mbili, halafu yakainuka. Floribert aliporudi, alitembea ndani ya shamba akigusa kila shina kwa ncha ya fimbo, na uso wake ukafunguka. Alimwambia baba mkwe: "Sasa umesikia. Nikifundisha munasikia. Nitamwambia mukubwa wangu kama mulima huu unaelewa." Akampa mkono. Mimi niliona Mukandori akifunga macho, na mdomo wake ukisema Asante Bwana bila sauti.

Floribert alikuwa akitoka. Njia ya kutoka ilipita kando ya maharagi.

Akasimama.

"Na hii?"

Théogène aliinama akainua tete moja lililoanguka.

"Maharagi ya Leta iko wapi? Mushaki wanangoja maharagi. Wafanyakazi ya migodi watakula nini, muhogo ya miaka miwili kuanzia leo? Nani aliharibu hii?"

"Mvua," Théogène akasema.

"Mvua inakata shina na panga?" Alikuwa ameokota kipande cha shina la muhogo, na mahali palipokatwa palikuwa wazi kwa kila mwenye macho. "Nani alitoa miti?"

"Ni miye," Mukandori akasema.

"Ni miye," akasema Théogène.

Baba mkwe akawasogeza wote wawili kwa mkono. "Shamba iko ya nani?" alimwuliza Floribert.

"Yako."

"Basi ni miye."

Théogène alipiga magoti. Alisema kwamba yeye ndiye aliyezubaa Kashebere, kwamba ana mgongo mzuri, kwamba kwa barabara mtu kijana ni faida kuliko mzee. Alisema kila kitu ambacho mtoto anaweza kusema. Floribert alimsikiliza mpaka mwisho. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka, na alikuwa anaogopa mkubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye. "Mwenye shamba njo mwenye kosa," akasema. "Kama miye nikikubali huyu, kesho kila nyumba itatuma mutoto. Muhogo nimeona. Maharagi pia nimeona."

Polisi wa shefu akamfunga baba mkwe kamba mkononi. Aliifunga legelege, nikaona, na ncha yake akaishika yeye bila kuivuta. Aliniambia niingie nimletee mzee blanketi. Nilipoileta hakumpa abebe. Aliitupa begani mwake mwenyewe, juu ya bunduki. Mukandori aliwafuata mpaka kilimani. Walipopotea upande wa Masisi, alirudi, akaingia kwenye maharagi yaliyolala, akaanza kuokota maganda mabichi yaliyobaki, moja moja, na kuyafuta tope kwa kanga yake.

Miezi ile tulikula tulichopewa. Hakorimana alitupa viazi vyake vya mbegu, na alihakikisha macho yake ni mazima.

Nzabandora alirudi. Watu wengi hushangaa nikisema hivyo, maana mwanzo wa hadithi hii hautoi tumaini. Alirudi wakati wa kupalilia, mwaka uliofuata, na mwanzoni sikumjua. Kifua chake kilikuwa kimepata sauti nyingine, kama mtu anayeburuta ganda kavu. Hakuweza kushika jembe. Alikaa nje kwenye jua akiwachongea wajukuu ng'ombe wa vijiti. Alikula alichopewa na kila mara alisema ni kizuri. Siku moja alijikongoja mpaka shamba la maharagi, ambalo tulikuwa tumelipanda upya kwa miti ya jirani. Mukandori alikuwa nyuma yake. Nilimwona amesimama wima kabisa, kama anayengoja kupigwa.

"Udongo ya hapa iko bado nzuri," mzee akasema, akageuka kurudi kwenye jua.

Ile "nilikukataza" hakuisema siku hiyo. Hakuisema kamwe. Mukandori aliingoja. Aliingoja akimpa uji, akimfunika, akimkanda mgongo. Siku moja tulipokuwa tunapalilia muhogo, ambao baridi yetu ilikuwa imeufikisha magotini tu, aliliacha jembe lake udongoni.

"Drocella, mwanangu. Angenitukana mara moja tu. Ningelia, ningemaliza. Yeye ananisamehe kila siku asubuhi, na miye sijui niweke wapi musamaha yote hii."

Nilichukua jembe lake, nikampa mkononi, tukaendelea.

Papa alifariki katika Kwaresima, mchana, jua likiwa juu yake. Watu waliokuja kuzika walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Wengine walitoka hata Mushaki kwa sababu walichimba barabara pamoja naye. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kuwawekea mbele. Mukandori akachukua jembe, akaingia katika shamba la Leta. Muhogo ulikuwa bado mchanga, na kuugusa kabla monitere hajasema ilikuwa kosa, kila mtu alijua. Aling'oa mstari wa kwanza, akang'oa wa pili. Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole. Wanawake wakaja kumsaidia kumenya, na hakuna mwanamume aliyeinuka kumzuia.

Alipomaliza, aliyakusanya mashina aliyoyang'oa, akayakata sawasawa, akayalaza kivulini kwenye majani ya mgomba yasikauke. Halafu akanawa mikono, akaingia ndani kukaa na maiti.